Unaiamini kaunti yako? Shika mradi mmoja uufuate mpaka mwisho

Mahali popote utakapokaa hapa Kenya, kwa kinyozi, steji ya boda, hata matangani, stori ya kaunti ni ile ile, ati hawa watu wanakula tu. Mimi mwenyewe nimeisema hiyo miaka mingi. Siku hizi mtu akiniuliza kama naiamini kaunti yangu namuuliza kwanza, kwa mradi gani? Sababu kuna mradi naweza kukuapia uko sawa, nimeona karatasi yake na nimeingia ndani ya jengo nikahesabu madirisha, na kuna mwingine karatasi inasema lake na ardhi inasema lake. Kuamini bila kuangalia ni kama kutuma M-Pesa bila kusoma jina linalotokea, lakini pia kusema wote ni wezi bila kuangalia ni kuwapa wezi kamili nafasi ya kujificha nyuma ya wale wanaofanya kazi, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Pesa si kidogo. Mwaka wa fedha wa 2025/26 mgao wa kaunti zote 47 ulikuwa shilingi bilioni 415, na Katiba inasema usishuke chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Huwezi kufuata bilioni zote hizo, hata wakaguzi wenyewe zinawalemea. Lakini mradi mmoja unaweza, na hapa nitaeleza vile sisi tulifanya na zahanati yetu, uchukue uende nayo kwenu.

Chagua mradi unaoweza kuufikia kwa miguu

Usichague hospitali kubwa ya mjini ati ndio ina kelele kwenye habari. Chagua kitu uko karibu nacho, unapita hapo ukienda sokoni: zahanati, kisima, darasa la chekechea, choo cha soko, taa za barabarani. Ukikaa nacho mbali utachoka mwezi wa pili.

Halafu uhakikishe kweli ni wa kaunti, hapa watu wengi sana tunakosea. Jedwali la Nne la Katiba ndilo limegawa kazi. Kaunti ina zahanati, vituo vya afya na hospitali zake, chekechea, vyuo vya ufundi vya kijijini, masoko, kilimo, maji, barabara za kaunti. Shule ya msingi na sekondari, polisi na barabara kuu ni za serikali ya taifa, na CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, ni mambo ya mbunge. Kwa hivyo ndani ya boma moja la shule utakuta darasa la chekechea ni la gavana na darasa la nne ukuta kwa ukuta nalo ni la Nairobi, na mzazi anasimama hapo katikati anamtukana MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, kwa sababu ya dawati ambalo MCA hana hata senti ya kulinunua. Hata chifu, watu wanadhani ni wa kaunti, chifu ni wa serikali ya taifa, wa kaunti ni yule wadi admin, msimamizi wa wadi. Barabara ndizo zina mvutano mpaka leo, huyu anasema ni yangu, yule anasema si yangu, hapo soma ubao wa mradi au uulize kwa maandishi.

Karatasi zinatoka lini

Mwaka wa serikali unaanza Julai 1 unaisha Juni 30. Ndani yake kuna tarehe ambazo sheria ya fedha za umma ya 2012 imeziweka na kaunti haiwezi kusema haizijui. Septemba 1 mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, ule wanaita ADP, unafaa uwe umefikishwa bunge la kaunti. Februari 28 kuna karatasi ya CFSP, hiyo inasema kila idara itapewa kiasi gani. Aprili 30 makadirio ya bajeti yenyewe, na Juni 30 iwe imepitishwa. Kama unataka mradi uingie, pigania wakati wa ADP. Ukingoja kikao cha Mei kila mtu ameshakata kipande chake na wewe unaambiwa maoni yako yamechukuliwa.

Bajeti ikishapita ni faili kubwa ya PDF, kurasa mamia, yote kwa Kizungu. Usiisome yote. Ifungue kwenye simu au kwa saiba, tafuta jina la kijiji, halafu jina la wadi, halafu jina la zahanati, na ujaribu spelingi zote maana wanaandika vile wanajisikia, chetu kilikuwa kimeandikwa kikikosa herufi mbili na ndiyo sababu mara ya kwanza tulirudi tukisema hatuko kwa bajeti kumbe tuko. Ukipata mstari wako piga picha: idara gani, kazi gani, pesa ngapi, mwaka gani. Hiyo picha ndiyo silaha yako kuanzia hapo.

Kuna ripoti mbili za kuangalia kando. Ya kwanza ni ya Msimamizi wa Bajeti, ofisi ya Margaret Nyakang'o, inatoka kila robo ya mwaka, iko cob.go.ke, kila kaunti ina sehemu yake. Bila ofisi hiyo kukubali, pesa haitoki kwenye mfuko wa kaunti. Angalia kaunti yako imetumia ngapi kwa maendeleo na ngapi kwa mishahara na safari. Sheria inataka maendeleo yawekewe angalau asilimia 30 ya bajeti, na kuweka kwenye karatasi na kutumia kwenye ardhi ni vitu viwili tofauti, ripoti inakuonyesha vyote. Ya pili ni ya Mkaguzi Mkuu, iko oagkenya.go.ke, Katiba imempa miezi sita baada ya mwaka kuisha kwa hivyo tarajia kuanzia Desemba. Hiyo inakuja wakati pesa imeshaenda lakini inakwambia nani alishindwa kuonyesha risiti.

Barua, na huu ndio moyo wa kazi yote

Mstari wa bajeti haukwambii ni mabati ya geji gani wala tangi la lita ngapi. Hiyo iko kwenye BQ, ile orodha ya vifaa na kazi ambayo kontrakta alipewa bei juu yake. Kuipata unaandika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya habari zilizoko mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema unaweza kuandika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, ndio, iko ndani ya sheria yenyewe, afisa akikwambia rudi uandike kwa Kizungu mwambie kwa upole asome kifungu cha 8. Na kama mtu hawezi kuandika, afisa ndiye anatakiwa amsaidie.

Yetu ilikuwa fupi hivi:

Kwa Afisa Mkuu, Idara ya Afya. Nakala kwa Katibu wa Kaunti. KUH: OMBI LA HABARI, KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA. Mimi ni raia wa Kenya, mkazi wa kijiji cha (jina), wadi ya (jina). Naomba kopi za hati hizi kuhusu ujenzi wa wodi ya akina mama katika zahanati yetu: mkataba na kontrakta, BQ, vyeti vyote vya malipo mpaka leo, na majina ya kamati ya mradi. Niko tayari kulipia kopi. Naomba jibu ndani ya siku 21 kama sheria inavyosema. Jina, nambari ya simu, tarehe, saini.

Basi. Usieleze kwa nini unataka, sheria haikudai sababu. Usiweke neno wizi popote. Unauliza, hushtaki, na barua safi inamfanya hata yule afisa mwema aliye ndani aweze kukusaidia bila kuogopa bosi wake. Kuomba ni bure, wanaweza kukutoza gharama ya kopi tu. Andikia Afisa Mkuu, yule watu wanaita chifu ofisa, sababu yeye ndiye anaweka saini ya pesa za idara. Gavana ukimwandikia barua itazunguka tu. Na kama umekosea ofisi, wao ndio wanatakiwa waihamishe ndani ya siku 5.

Peleka mwenyewe, kopi mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wanapiga muhuri wa tarehe unarudi nayo nyumbani. Dada wa mapokezi alituambia acheni tu hapo juu ya meza bosi ataona, tukakaa kwenye benchi masaa mawili mpaka muhuri ukapatikana. Barua bila muhuri haijafika, hata kama imefika.

Siku 21 zikipita kimya, au ukinyimwa, unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman. Ukishapewa jibu la kukataa una siku 30 za kuomba wapitie uamuzi huo, na ni bure. Sisi hatukufika huko. Siku ya 19 nilipigiwa simu nije nichukue bahasha, na nakwambia ukweli mikono ilikuwa inatetemeka kidogo nikiifungua.

Ndani ya bahasha

Wodi yetu ilikuwa imesimama kwenye lenta, hapo juu ya madirisha, miezi minane. Kijiji kizima kilikuwa kimeshamhukumu kontrakta, ati amekula amehamia mjini amejenga. Kumbe vyeti vinaonyesha amefanya kazi ya awamu mbili, injinia amezipitisha zote, na hajalipwa hata moja kwa sababu pesa kutoka hazina ya taifa zilichelewa kufika kaunti, na ripoti ya Msimamizi wa Bajeti ya robo ile ilisema hivyo hivyo. Mzee mmoja wa kamati alinyamaza kitambo akasema, tumemla nyama mtu wa watu bure. Nilijifunza hapo. Ukiangalia, saa zingine utakuta kosa haliko pale ulipolielekeza, na ukishalijua unalisema vile vile kwa sauti ile ile uliyotumia kulaumu. Tuliitisha watu baada ya swala ya Ijumaa na tena Jumapili kanisani, tukawasomea tarehe moja moja.

Kazi ikaendelea, ikaisha. Hapo ndipo tukarudi na BQ mkononi. Tafuta fundi wa kijijini akusomee, sababu imeandikwa kwa lugha ya ujenzi, na uende na futi yake ya kupimia. Madirisha 14 kwenye karatasi, 14 kwenye ukuta. Milango sawa. Vigae vya sakafu sawa. Tangi la maji BQ inasema lita 10,000 juu ya msingi wa zege. Nyuma ya jengo lilikuwepo tangi la lita 5,000 limekaa juu ya mawe yaliyopangwa tu, limeinama kidogo upande wa mfereji, na sista wa zahanati akatuambia linaisha Jumatano na maji yanakuja Ijumaa, kwa hivyo mama akijifungua Alhamisi ndugu zake ndio wanabeba madumu.

Sasa hapa kuna kitu watu hawajui. Kontrakta halipwi yote kwa mpigo, kuna sehemu inashikiliwa, mafundi wanaita ritensheni, mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Ukilalamika kabla hiyo pesa haijaachiliwa una nguvu, ukilalamika baadaye unaomba hisani. Kwa hivyo pima mapema. Andika kila kasoro kwa mstari wake: BQ ukurasa fulani inasema hivi, sisi tumekuta hivi, picha hii, tarehe hii. Peleka kwa wadi admin, injinia wa kaunti, na yule Afisa Mkuu, muhuri tena.

Vikao vya maoni, usisaini ukimya wako

Nina kidonda na hivi vikao. Mwaka mmoja tuliitwa ukumbini saa tatu, wakubwa wakaja saa saba, wakasoma kurasa kwa mbio, tukapewa soda na nauli na fomu ya mahudhurio tusaini. Baadaye ile fomu ikawa ushahidi kwamba wananchi wamekubali. Tangu siku hiyo nikisaini naandika pembeni ya jina langu: sikupewa karatasi kabla ya kikao. Hawapendi, lakini kalamu ni yangu.

Mahakama iko upande wako kwa hili. 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa inavyofaa, kesi ya Robert Gakuru, na jaji Odunga alisema haitoshi kurusha ujumbe kwa Twitter halafu anayetaka ajitafutie, wanafaa watumie makanisa, misikiti, mabaraza, redio za taifa na za lugha za kienyeji. Kwa hivyo kaunti ikiweka tangazo kwenye gazeti moja tu la Kizungu jioni ya Ijumaa, kikao Jumatatu, andika memoranda, yaani maoni kwa maandishi, upinge utaratibu wenyewe.

Ukipata nafasi ya kuongea utapewa dakika mbili. Usianze na salamu za wote waliokaa meza kuu. Sema ukurasa, mstari, kiasi, swali. Halafu mpe karani maoni yako kwa maandishi kabla hujakaa, maana ya mdomo yanapotea njiani. Na nendeni watu watano na swali moja, siyo mtu mmoja na maswali matano, mtu mmoja ni rahisi kuitwa mpinzani wa gavana.

Bunge la kaunti pia liko wazi, Katiba kifungu cha 196 kinasema vikao vyake na vya kamati zake vifanywe hadharani. Watu wachache sana huenda. Siku kamati ya afya ilipokuwa inamhoji Afisa Mkuu tulikaa nyuma wanne, na MCA wetu alipotuona pale aliuliza maswali mawili ambayo sidhani angeuliza tusingekuwepo. Pia una haki ya kuwapelekea ombi rasmi bungeni, petisheni, nao wakufanyie kazi. Kama una ushahidi wa pesa kuibiwa kabisa hiyo ni ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, usiipeleke kwenye grupu la WhatsApp kwanza, utamwonya mwizi na utajiletea kesi ya kuharibia mtu jina.

Kama wewe ndiye umekaa ofisini

Wadi admin, MCA, hata waziri wa kaunti, wengine mnasoma haya na mnaumia kuitwa wezi wakati mnafanya kazi. Nawaelewa. Angalieni kaunti ya Makueni. Chini ya Kivutha Kibwana, gavana wao tangu 2013 mpaka 2022, walishusha vikao mpaka kijijini kabisa, vinapanda kwa vikundi vya vijiji, wadi, mpaka kaunti, na kila mradi ukapewa kamati ya wenyeji, kontrakta halipwi mpaka kamati iweke saini kwamba kazi imefanyika. Na hawakuanza kwa amani, gavana na MCA walipigana mpaka kukaundwa tume ya kuchunguza kama kaunti isimamishwe, na 2015 Rais Kenyatta akakataa isimamishwe. Leo kaunti zingine huenda kujifunza kwao.

Unaweza kuanza na kidogo sana. Bandika BQ kwa Kiswahili kwenye ukuta wa zahanati, chini ya plastiki isinyeshewe. Weka ubao wenye kiasi cha pesa, jina la kontrakta na tarehe ya kuisha. Pesa ikichelewa kutoka Nairobi, njoo baraza uliseme siku hiyo hiyo, usingoje watu watunge sababu yao. Na mtu akikuletea barua, piga muhuri bila kumkalisha benchi. Hakuna T-shirt wala bango lenye picha ya gavana litafanya kazi ya hivi vitu vinne.

Kuhusu tangi, injinia alikuja wiki ya tatu, akapima, akaandika, hakuongea sana. Mwezi uliofuata lori lilileta simiti na kokoto, vijana wakamwaga zege, wakangoja likauke, halafu likaja tangi jeusi la lita 10,000. Yule mzee wa kamati alilizunguka lote akitafuta nambari iliyochapwa ubavuni, akaisoma kwa sauti, akaiandika kwenye daftari lake na tarehe. Sista akafungua bomba la ndani. Siku hizi tunafuata kisima cha upande wa pili wa barabara, barua ina siku 6 tangu ipigwe muhuri.